Viti Vilivyokatwa Miguu

Mume wa Mama Viti alipofariki aliacha urithi wa aina mbili: viti vya meza ya kulia, na mdogo wake. Viti vilikuwa vya mbao ngumu, vya kuegemea, kazi ya mikono safi. Mdogo wa marehemu alikuwa seremala asiyemaliza kazi. Watu walimshauri mjane auze viti na amrudishe shemeji yake kwao. Yeye akaikagua mali yake kwa utulivu, akaona kwamba viti vinakaliwa kidogo sana kwa siku, na shemeji anakaa siku nzima, na hakuna kati yao anayeleta kitu nyumbani. Jirani alipofiwa, na wafiwa wakahangaika pa kuwakalisha wageni, Mama Viti akavitoa viti vyake kwa kodi, na shemeji akavibeba.

Watoto wakawa wanakula mkekani. Mkubwa wao, ambaye sasa ni nesi, huwaambia wenzake kwamba kiti cha kulia chakula alikijulia kazini.

"Uongo mtupu," mama yake hujibu. "Ulikuwa na ndoo yako."

Ndivyo jina lilivyompata. Alinunua viti vya shule iliyofungwa, vya ukumbi wa sinema uliokufa, vya wakili aliyehama ghafla. Hakuwahi kumuuliza muuzaji yeyote habari zake, kwa sababu ukishajua shida za muuzaji utampandishia bei kwa mdomo wako mwenyewe. Akapata ghala. Shemeji akawa anagundisha migongo, anabadilisha misumari, na kila siku anaacha kimoja hakijakamilika ili kesho awe na sababu ya kuamka.

Kisha ikaja plastiki. Nyeupe, nyepesi, mtu mmoja anabeba mnara mzima huku anaongea na simu. Viti vya aina hiyo ukivivika kitambaa na utepe nyuma, hata bwana harusi hajui amekalia nini. Maharusi wakamkimbia Mama Viti, wakafuata wenye vikao, hatimaye hata wafiwa. Mwoka mikate wa nyuma ya ghala, mtu ambaye hakuwa na desturi ya kumsalimia, akaanza kupita kumjulia hali. Akiongea hugonga mgongo wa kiti kwa kidole, kama anayechagua tikiti maji.

"Mbao kavu hizi, dada yangu."

"Hivyo ni viti, si mbao."

"Leo," mwoka mikate husema, na kuondoka zake taratibu.

Mteja aliyebaki alikuwa jumba la makumbusho. Ukumbi wao ulikuwa na sakafu ya mbao inayong'aa, na plastiki ikiteleza juu yake hulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mwaka huo makumbusho yalitangaza msimu mzima wa sanaa za Asia: maonyesho ya picha, vyombo vya udongo na vitambaa, mihadhara kila wiki, na siku za watu wote kuja kujaribu wino na brashi. Msimamizi wa maonyesho, kijana nadhifu aliyezoea kuomba radhi hata kabla hajakosa, alimwambia Mama Viti avilete viti vyake kwa mhadhara wa kwanza, na mambo yakienda vizuri atavichukua msimu wote.

Mama Viti alimweleza shemeji ukweli bila kuuchemsha. "Msimu huu ukishika, tumepona. Usiposhika, ghala nalirudisha, viti vinaingia tanurini, na wewe utakwenda kulinda geti la mtu."

"Mimi na usiku hatupatani, shemeji."

"Basi piga msasa."

Akapiga msasa. Vikapakwa mafuta mpaka vikang'aa. Siku ya mhadhara wakavipanga ukumbini safu kwa safu, mbele ya kitu chenyewe kilichokuwa kinazungumziwa: kiwambo cha kukunja kutoka Japani. Kilikuwa na mbao pana zilizovikwa karatasi, zimeunganishwa pembeni kama kurasa za kitabu, kikasimama chenyewe kwa kupinda huku na kupinda kule. Karatasi ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na juu yake pamechorwa mto, misonobari na korongo wachache. Mama Viti alikitazama kwa jicho la kibiashara. Kitu cha kuficha kitanda, akasema moyoni, kwa bei ya kumfanya mtu asilale.

Akaingia Profesa. Ndiye aliyekileta kiwambo kutoka chuo cha mbali, na ndiye angefungua msimu. Alikuwa mama mfupi mwenye mvi, koti refu, na miwani iliyoning'inia shingoni. Alikaa kwenye kiti cha safu ya mbele, akatazama. Akahamia cha katikati, akatazama. Kisha akashuka sakafuni, kwa shida kidogo, akakaa kimya mpaka msimamizi akaanza kukohoa.

"Toeni viti," Profesa akasema.

"Samahani?" msimamizi akauliza.

"Viti. Vyote. Watu watakaa chini."

Shemeji, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza safu ya mwisho, alivua kofia kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Mama Viti akasogea. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Viti vyangu vina kasoro gani?"

"Havina. Ni vizuri mno. Kasoro ni urefu. Aliyekichora hiki aliwachorea watu wanaokaa sakafuni. Ukikaa juu unakuwa kama mtu aliye ghorofani anayechungulia ua wa jirani. Vitu unaviona, lakini hujakaribishwa."

Msimamizi alitaka kupoza mambo. "Si unajua, mama, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Ainame," Mama Viti akasema. "Wahenga hawakusema alale."

Profesa alicheka sana, cheko la mtu asiyejali meno yake. Akapigapiga sakafu kando yake. "Njoo hapa. Umekiona ukiwa juu, kione na ukiwa chini. Ukisema ni vilevile, viti vinabaki, na mimi nafunga mdomo."

Hapo ilikuwa biashara, na biashara Mama Viti haikimbii. Akakunja magoti, akakaa.

Mwanzo hakuona cha ajabu. Halafu akaona kwamba zile kona za kiwambo, ambazo alipokuwa amesimama alizidhania pambo la fundi tu, sasa zilikuwa zinamfunika. Mti mmoja ulimjia mbele, mwingine ukajificha nyuma ya mkunjo. Mto ambao alikuwa ameuona wote mara moja, kama kamba iliyotupwa chini, sasa ulipita, ukapotea, ukatokea tena mbali. Mwanga wa dirishani uliipata ile dhahabu kutoka chini, na ikawa ukungu. Korongo waliokuwa kama kuku walikuwa wanaruka juu ya kichwa chake.

Angeweza kusema ni vilevile. Neno moja tu, na ghala lingebaki, na shemeji angebaki. Profesa alikuwa anamsubiri bila kumwangalia. Lakini Mama Viti alikuwa na kanuni moja ya biashara ambayo hakuwahi kuivunja, hata kwa ajili ya kuingia mbinguni: ukisema kibovu ni kizima, unauza mara moja tu.

"Si vilevile," akasema. Akainuka, akajipangusa sketi. "Shemeji, toa viti."

"Vyote?"

"Umesikia."

Watu wakaja. Yakatandikwa mazulia na mito ya kukalia. Wanafunzi walijitupa chini kwa furaha, lakini wapenzi wa kweli wa mihadhara ya makumbusho si wanafunzi. Ni wastaafu. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, bibi mrefu mwenye mkongojo, aliutazama mto wake wa kukalia kama anayetazama kisima.

"Nikishuka hapo," akauliza kwa sauti ya gwaride, "mtanipandisha kwa winchi?"

Alisimama ukutani kwa muda, kisha akaondoka. Wengine wa rika lake wakamfuata mmoja mmoja, kwa adabu, wakiinama walipopita mbele za watu. Mama Viti aliyaona yote kutoka mlangoni, alikokuwa anasimamia viti vyake vikipakiwa. Profesa aliongea vizuri mno, ila aliongea na watu wachache kuliko waliokuja kumsikiliza.

Watu walipotoka, msimamizi akawasindikiza wageni. Profesa alibaki chini, anatabasamu, anapanga karatasi zake polepole, anazipanga tena. Alipodhani yuko peke yake aliziacha, akageuka, akatambaa kwa mikono na magoti mpaka kwenye nguzo. Hapo akaishika, akajivuta, akashindwa.

Mama Viti hakusema pole. Alikwenda akachuchumaa, akampa bega, akamwinua kama anavyoinuliwa mtu wa nyumbani.

"Tangu lini?" akauliza.

"Miaka," Profesa akasema, bado amemshikilia. "Kila ninakokwenda wananitandikia zulia. Wanasema, huyu anapenda chini. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo maisha yangu yote. Sasa nianzeje kusema sakafu imenishinda? Usimwambie huyo kijana, tafadhali. Wataanza kunialika nikae nyumbani."

"Mimi nakodisha viti," Mama Viti akasema. "Maneno sikodishi."

Kutoka hapo alikwenda nyumbani, amechoka, akaketi uani kuosha miguu, kwenye kiti chake cha siku zote cha kuoshea miguu. Kiti hicho kilikuwa aibu ya shemeji. Zamani mguu wake mmoja ulioza, shemeji akaukata kidogo. Kikainama. Akakata wa pili ukawa mfupi kuliko wa kwanza, akarudi kwa wa tatu, na hivyo hivyo akaendelea kutafuta usawa kama anayelifukuza jua, mpaka kiti cha mtu mzima kikawa cha mtoto, na bado kinatikisika. Mama Viti alikuwa amekikalia jioni zote hizo bila kukifikiria. Sasa akaacha sabuni.

"Shemeji! Njoo ukae chini hapa."

"Nimefanya nini?"

"Kaa tu. Tazama ukuta. Macho yangu na yako, yapi yako juu?"

Shemeji akapima kwa kiganja. "Umenizidi, lakini si sana."

"Na magoti hayaniumi."

"Magoti gani?"

"Basi. Inuka."

Wazo lilikuwa limekaa, ila halikuwa bure. Kiti kikishakatwa miguu hakiendi tena harusini wala kwenye kikao. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukivikata viti vyako na mteja asivichukue, hata mwoka mikate atakupunja, maana umempunguzia kuni.

Kesho yake alikibeba kile kiti kwapani mpaka makumbusho. Alimkuta Profesa peke yake mbele ya kiwambo, amesimama.

"Sikuja kuomba," Mama Viti akasema, akakiweka chini. "Kalia hiki, uniambie."

Profesa akakalia. Kiti kikatikisika, akashtuka, akatulia. Akatazama mto na ukungu kwa muda mrefu. Halafu akaunyosha mguu mmoja, taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga, na uso wake ukalegea.

"Kimezidi kidogo kwa safu ya mbele," akasema. "Ukiwa mbali zaidi, urefu hausumbui sana. Nyuma mnaweza kuweka virefu kuliko hiki, na wenye magoti mabaya wakapata nafuu zaidi. Lakini kinatikisika."

"Kinatikisika kwa sababu ya shemeji. Urefu utausema wewe."

Profesa aliposikia hatua akainuka kitini, akakigeukia kiwambo; msimamizi akafika, akasalimia, akaomba radhi, akaelezwa na Mama Viti. Wazo lilimpendeza, lakini alikuwa na mabosi wake. "Mama, nionyeshe viti vikiwa vimekatwa, vikiwa ukumbini, ndipo nikuambie kuhusu msimu."

"Niambie kuhusu msimu, ndipo nikate."

"Siwezi kuahidi nisichokiona."

"Na mimi siwezi kukata nisichoahidiwa. Kijana wangu, mguu wa kiti hauoti tena."

"Lakini Profesa mwenyewe anapenda watu wakae chini. Nikijaza ukumbi viti vidogo, nitakuwa nimemkosea heshima."

Hapo Mama Viti alikuwa na karata mkononi, na ilikuwa karata kubwa. Aseme tu kwamba Profesa jana alitambaa hadi kwenye nguzo, na msimamizi angeagiza viti kabla sentensi haijaisha. Aliigeuza karata ile moyoni, upande huu na upande ule. Alilifikiria ghala. Akamfikiria shemeji yake getini usiku, amesinzia, wezi wakimfunika blanketi wapite. Kisha akanyamaza. Kunyamaza ndiko alikokuwa bingwa, na katika maisha yake alikuwa amepunguziwa bei nyingi kwa kunyamaza tu. Safari hii alinyamaza akijua kwamba huenda hatapata kitu.

Ni Profesa aliyesema.

"Mimi siwezi kukaa sakafuni tena, mwanangu," alimwambia msimamizi. "Jana ulipotoka na wageni nilishindwa kuinuka. Huyu mama ndiye aliyeniinua. Nilimwomba asikwambie, na unaona hajakwambia, hata biashara yake ikimponyoka. Basi nasema mwenyewe. Nahitaji kiti. Na mkitaka niongee msimu wote, sitaongea tena na watu wanaoumia kama mimi wakiona haya kusema."

Msimamizi alifungua mdomo aombe radhi, akakosa ya kuomba. "Profesa, mbona hukutuambia?"

"Mbona hamkuuliza?"

"Msimu wote," msimamizi akamwambia Mama Viti. "Nitawakabili mabosi."

Mama Viti alishikana naye mkono, akamwahidi lini vitakuwa tayari, akamkumbusha kwamba kubeba ni juu ya makumbusho kwa sababu ukumbi una ngazi. Hayo yote aliyafanya sawasawa. Ila alipotoka nje alisimama kidogo kwenye kivuli cha ukuta kabla ya kuvuka barabara. Alikuwa ameshapewa vitu vingi maishani, na karibu vyote alivilipia, kimoja kimoja, na hivyo hakuwa na deni la mtu. Huyu mgeni alikuwa ametoa kitu ambacho yeye asingeweza kukinunua: alivua heshima yake mbele ya kijana wa kumzaa, ili kiti cha mtu mwingine kisiende tanurini. Utalipaje kitu cha namna hiyo? Mama Viti alitafuta bei, akakosa. Akavuka barabara.

Profesa alikuja ghalani mwenyewe kusimamia urefu. Alikaa juu ya gunia, akapewa chai, akaamua: safu za mbele hivi, za kati hivi, za nyuma zipunguzwe kidogo tu. Shemeji alitaka kukata kwa jicho. Alinyang'anywa msumeno, akapewa vibao vitatu vya kipimo, kila safu na chake, akarudishiwa msumeno.

"Ukikata wa kwanza vibaya," Mama Viti akamwonya, "usiurekebishe. Niite."

"Utanisimamia mpaka lini, shemeji?"

"Mpaka vikae sawa."

Vikakaa sawa. Shemeji alimaliza kazi yote, na aliposhtuka kwamba amemaliza alionekana kama mtu aliyeshuka basi kwenye mji mgeni. Mama Viti alikata nusu tu ya viti. Nusu aliiacha na miguu yake, kwa sababu kushukuru hakumfanyi mtu awe mjinga. Mwoka mikate alikuja kugonga-gonga, akauziwa gunia la vipande vya miguu kwa bei iliyomfanya aondoke ananung'unika mpaka kona.

Mhadhara wa pili ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu mstaafu alizunguka safu ya nyuma akikagua kama siku ya mitihani, akachagua, akaketi, akaulaza mkongojo miguuni. "Hapa," akatangaza, "naweza kuelimika." Profesa aliongea akiwa ameketi, mguu mmoja ameunyosha, na hakuna aliyeshangaa. Mama Viti hakungoja mlangoni. Kulikuwa na kiti kitupu pembeni, na yeye hakupenda kuona kiti kitupu, basi akakikalia, akasikiliza mpaka mwisho.

Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine. Alisikia habari za picha ndogo za India, ambazo mchoraji alizipaka kwa brashi ya nywele chache. Za wino wa China unaosagwa jiweni. Za vyungu vya Korea, ambavyo alikubali ni vizuri lakini akasema visingemaliza mwezi jikoni kwake. Hakugeuka msomi, wala hakujifanya. Ila mwanawe mkubwa, yule nesi, alipokuja kumtembelea alimkuta mama yake amekaa uani akitazama ukuta uliopigwa na jua la jioni, hafanyi kitu chochote, akamgusa paji la uso kuangalia homa.

Msimu ulipoisha, kiwambo kikakunjwa na kuingizwa kwenye sanduku lake. Profesa alikuwa anaondoka. Mama Viti alikwenda kumuaga ukumbini, na alikuwa amejiandaa, maana asante kwake ni kama pesa ya mfukoni: haitolewi mpaka bei imekaa.

"Mama," akasema, "nashukuru. Ghala lipo. Shemeji yupo. Viti vipo. Nimeona mto. Ni wewe."

"Na mimi nimekaa," Profesa akasema. "Miezi hii yote nimekaa kama binadamu. Niseme nini?" Akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti alichokuwa akikalia tangu mhadhara ule wa pili. "Hiki niuzie. Nakwenda kuongea miji mingine, na huko watanitandikia zulia."

"Siuzi viti."

"Hata kimoja?"

"Mimi ni mkodishaji. Nikianza kuuza nitazoea." Mama Viti akakiinua, akakigeuza, akajaribu miguu yake kwa kiganja, akakirudisha chini. Kilikuwa kimetulia. "Chukua. Nimekukodishia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka magoti yapone."

Profesa alimtazama, akaelewa, macho yakamlowa. Mama Viti akageukia upande wa mlango kumpigia kelele shemeji aliyekuwa anagonga ukuta na mzigo.

"Na kodi je?" Profesa akauliza nyuma yake.

"Wakikuuliza umekitoa wapi," Mama Viti akasema, "usiseme zawadi. Waambie nakodisha, na waelekeze kwangu."